Kiota cha Chozi Juu ya Vugiri

Ukungu ulishuka wakati Mwanaidi bado anaangalia juu.

Alikuwa ameshika tawi kwa mkono mmoja, shingo ameikunja nyuma mpaka inauma, anatafuta kati ya majani kitu kidogo kama kifuko cha ugoro kilichoning'inizwa. Aliposhusha macho, njia haikuwepo. Mti aliouegemea ulikuwepo, na mwanawe Ikram alikuwepo, mikono ameificha kwapani. Kupita hapo kulikuwa kweupe tupu, kama wamefunikwa chandarua.

"Mama, tulitokea wapi?"

"Hapo nyuma."

"Nyuma wapi?"

Mwanaidi akageuka. Nyuma kulikuwa sawasawa na mbele.

Msitu wa juu ya Vugiri una tabia hiyo. Asubuhi jua linawaka, unaona mashamba ya chai yamelala kama mkeka, unasema leo ni siku njema. Halafu wingu linapanda kutoka bondeni pole pole, linaingia kwenye miti, na wewe huna habari mpaka nguo ziwe zimelowa. Wenyeji wanalijua, ndiyo maana hawaingii msituni bila kuaga. Mwanaidi hakuwa mwenyeji. Alikuwa mwanamke wa Sindeni, huko Handeni, nchi kavu ya tambarare, ambako mtu anayekuja unaona vumbi lake kabla hujamwona mwenyewe.

Na hakuaga. Hilo ndilo akina mama tulishike, kwa sababu hakusahau. Alikataa.

Ikram alikuwa mtoto wake wa pekee. Yeye na Kibwana, baba wa mtoto, waliachana siku nyingi, na Kibwana akapanda milimani kuendesha trekta kwenye shamba la chai. Ukame ulipokaza Sindeni, na mahindi yakawa yanakauka yakiwa bado madogo, Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyempandisha mtoto kwa baba yake ili ale na asome. Alilia njia nzima wakati wa kurudi, lakini alifanya. Sasa mvua zilikuwa zimerudi, chakula kipo, na yeye alikuwa amekuja kumchukua mwanawe. Hakuwa amemwambia mtu bado. Alitaka kwanza aone uso wa mtoto.

Uso aliuona. Aliona pia unavyogeuka kila dakika kumtafuta mwanamke mwingine.

Zaina, mke wa Kibwana, alikuwa Mshambaa mwembamba, mchuma chai, mcheshi, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alimpokea Mwanaidi kwa mikono miwili, akamwita dada, akampa kitanda chake yeye akalala chini. Mwanaidi angefurahi kama angekuta mwanamke mbaya. Huyu hakumpa hata pa kumshika.

Siku ile ya kwanza alitoa gauni alilomshonea mtoto kwa fundi wa Handeni, la maua, lenye mkanda. Halikupita mabegani. Ikram alikuwa amekua, na mama yake alikuwa amempimia kichwani, kwa mtoto aliyemwacha.

"Usijali dada," Zaina akasema, "kuna kitambaa kimebaki ndani ya mshono. Nitakifungua."

Asubuhi gauni lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limepanuliwa, limepigwa pasi. Lilimkaa mtoto vizuri kabisa. Mwanaidi aliliangalia akatamani lingekuwa limeungua.

Halafu kulikuwa na huyo ndege. Nje ya jiko la Zaina kulikuwa na kipande cha kioo ambacho Kibwana hutumia kunyolea ndevu, na kila kukicha alikuja chozi dume kupigana nacho. Chozi wa huko juu ni mdogo, ukimfumbata haonekani. Kichwa na mgongo ni kijani kinachowaka kama bati jipya, kifua kina mshipi mwekundu, na mdomo umepinda kama sindano ya magunia. Alijirusha kwenye kioo, tii, tii, akaanguka, akarudi.

"Anadhani kuna mwenzake amekuja kumnyang'anya mke," Ikram alimweleza mama yake, anacheka.

"Huyo atakufa njaa siku moja," Zaina akasema, anapuliza moto. "Maua yote hayo uani, yeye na kioo, kioo na yeye."

Wakacheka wawili hao, kwa namna moja, vichwa vinaangalia chini. Mwanaidi alikunywa chai yake.

"Mama mdogo atanipeleka kuona kiota chake," mtoto akaendelea. "Kiko msituni juu. Kimefumwa kwa utando wa buibui, na juu ya mlango kina kibaraza cha kuzuia mvua. Tutaenda siku akipumzika."

"Kwa nini mpaka apumzike?" Mwanaidi akauliza. "Mimi sina macho?"

Basi Zaina alipoondoka na kikapu chake mgongoni kwenda kuchuma, Mwanaidi alichemsha mihogo, akaifunga kwenye kitambaa, akamvika mtoto gauni lile la maua na sweta.

"Tumuage mama mdogo?" Ikram akauliza. "Shamba analochuma liko hapo hapo njiani."

"Niombe ruhusa kutembea na mwanangu mwenyewe? Twende."

Walimkuta chozi mapema, hilo lazima lisemwe. Kwenye uwazi wa msitu, penye maua mekundu yanayoota kama vikombe, alikuwa anazunguka ua moja hadi jingine, anachovya mdomo, anatikisika. Jua lilimpiga mgongoni akawaka. Mwanaidi alisahau kila kitu. Alimshika mtoto bega, akahisi moyo wake unavyodunda, akasema kimoyomoyo kwamba hii ndiyo siku Ikram atakayoikumbuka.

"Jamani!" Ikram akanong'ona. "Laiti mama mdogo angekuwepo!"

Chozi akaruka akaingia ndani zaidi. Na Mwanaidi, badala ya kurudi, akamfuata. Hakuwa anamfuata ndege tena. Alikuwa anatafuta kiota ili akione kabla ya yule mwingine. Waliacha njia, wakapita chini ya mizabibu ya porini, wakavuka mti ulioanguka, wakavuka mwingine, ndege anaonekana, hayupo, anaonekana. Mpaka hapo kwenye ukungu.

Walijaribu kurudi. Waliukuta mti ulioanguka, lakini haukuwa ule. Waliukuta mwingine. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani kama mvua ingawa mvua haikuwa inanyesha. Kandambili ya Mwanaidi ilikatika mkanda akaitupa, akawa anakanyaga mizizi kwa mguu mtupu. Mihogo waliila wamesimama.

"Una baridi?"

"Kidogo."

"Nipe mikono."

Ilikuwa mikono ya mtu aliyetoka kufua kisimani alfajiri. Mwanaidi alivua kanga yake ya juu akamzungushia.

Hapo ndipo sauti ilipokuja.

"Huuuu-yeee!"

Ilitoka mbali, upande wa kulia, ndefu, imepanda mwishoni. Ikanyamaza. Ikaja tena, imesogea. Alikuwa Zaina. Mtu akikupigia mwito kwenye ukungu unamjua kama unavyomjua mtu akikohoa ndani ya nyumba.

Ikram alijaza kifua ili ajibu.

Mwanaidi akamziba mdomo.

Hakupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Lakini uliendelea kukaa pale, na hilo halikuwa la mkono. Kichwani alikuwa anaona jinsi itakavyokuwa. Zaina anatokea kwenye miti na panga lake la kufyekea, anasema pole dada, na Ikram anachomoka kumkimbilia. Mlimani kote watasema, yule mama wa Handeni alipotea na mtoto, mama wa kambo ndiye aliyekwenda kuwatoa. Na baada ya hapo atafunguaje mdomo aseme nimekuja kumchukua? Ngoja apite, alijisemea. Ngoja apite tu, tutatoka wenyewe, hatuko mbali.

"Huuuu-yeee! Ikraaam!"

Ilikuwa karibu sasa, karibu kabisa, pengine pale nyuma ya miti michache. Pumzi ya mtoto ilikuwa moto kwenye kiganja chake. Macho ya Ikram yalikuwa yanamwangalia kutoka juu ya vidole, makubwa, hayaelewi.

Sauti ilisubiri. Ilisubiri muda mrefu. Kisha ikaita mara moja zaidi, na safari hii ilikuwa inaondoka.

Mwanaidi akautoa mkono.

"Mama, mbona umenizuia?" Ikram alikuwa anatetemeka. "Yule ni mama mdogo!"

"Nimejua. Tutatoka wenyewe."

"Hatutoki! Mama, huku mtu akiita lazima uitike, hata kama ni mtu mmegombana. Usipoitika wanajua upande huu hauna mtu. Wanaufunga. Wanakwenda kutafuta upande mwingine na huku hawarudi!"

Mwanaidi alimwangalia mtoto. Halafu akaelewa.

Akaita. Aliita kwa nguvu zake zote, "Zaina! Zaina wee! Tuko huku!" Lakini mvua yenyewe sasa ilikuwa imefika, inapiga juu ya msitu mzima kwa pamoja, na sauti yake ilimrudia usoni. Walikimbia upande ambao mwito ulielekea, wakateleza, wakainuka, wakakimbia tena, wakasimama kusikiliza. Mvua tu. Waliita mpaka Ikram akaanza kukohoa.

Akina mama wenzangu, wivu haukuui wewe kwanza. Unaanza na yule unayemgombea.

"Sikiliza maji," Mwanaidi akasema baada ya muda. "Kuna kijito hapo chini. Kwetu mtu akipotea anafuata korongo kwenda chini. Korongo linatokea bwawani au barabarani, lazima."

"Huku sijui kama..."

"Lazima, Ikram. Maji hayapotei."

Na kweli, Sindeni ni hivyo. Unafuata korongo, unakuta ng'ombe, unakuta mtu. Mwanaidi alifanya hivyo tangu utotoni na halikumdanganya hata siku moja. Wakateremka. Kijito kilikuwa chembamba, cheusi, kinaruka mawe. Walishika mizizi, walikaa kitako wakateleza, waliruka kutoka jiwe hadi jiwe. Kadiri walivyoteremka kelele ya maji iliongezeka, na Mwanaidi alifurahi, akadhani wanakaribia mto mkubwa.

Ikram aliruka jiwe lenye utelezi na mguu ukaingia katikati ya mawili. Mwili ulikwenda, mguu ukabaki. Alipiga ukelele mmoja mfupi.

Mwanaidi alimfikia kwa magoti. Kifundo kilikuwa kimegeuka, na juu yake, kwenye muundi, ngozi ilikuwa imefunguka na damu inatoka nyingi.

"Usiangalie. Niangalie mimi. Unaweza kusogeza vidole?"

"Vinauma."

"Vinasogea?"

"Vinasogea."

"Basi. Ng'ata sweta."

Aliosha jeraha kwa maji ya kijito. Alichana kanga kwa meno, pande la kwanza akalikunja akalikandamiza kwenye damu, la pili akalizungusha. Alivunja vijiti viwili, akavifunga huku na huku mpaka juu ya kifundo, kama anavyofungwa mbuzi aliyevunjika. Ikram hakulia. Alikuwa amekunja uso na amefumba macho, na hilo lilimtia Mwanaidi hofu kuliko kilio.

Akamwacha amekaa, akasogea mbele kutazama kijito kinakwenda wapi.

Hakikwenda popote. Maji yalifika kwenye ukingo wa jiwe, yakamwagika, yakapotea. Mwanaidi alishika mti akachungulia, na wakati huo huo wingu lililokuwa limekaa mbele likapasuka. Chini kabisa, chini kama mtu anavyoona kutoka kwenye ndege ya abiria, kulikuwa na nchi. Aliona mistari ya mkonge, mabati ya Makuyuni, barabara kuu na malori madogo kama wadudu, na mto. Ng'ambo ya mto ilikuwa tambarare ya rangi ya vumbi, na vilima vya buluu vya Handeni. Kwao. Angeweza kunyoosha kidole kuonyesha. Na kati yake na kwao kulikuwa na genge ambalo hata mbuzi asingeshuka.

Wingu likafunga tena.

Alirudi kwa mtoto.

"Kuna barabara?" Ikram akauliza.

"Hakuna. Tunalala hapa."

Chini ya jiwe kubwa kulikuwa na upenyo mkavu wa kuwatosha wawili wakibanana. Giza liliingia haraka. Mwanaidi alikuwa anajua jua, kiu na nyoka. Baridi hakuijua. Alidhani ukimkumbatia mtu inatosha. Ikram ndiye aliyesema, meno yanagongana, kwamba wasilalie udongo. Majani makavu yaliyo chini ya mti ulioanguka, yale ya ndani ambayo hayajalowa, yawekwe chini kwa wingi, mengine yaingizwe ndani ya sweta.

"Nani kakuambia?"

Mtoto akasita. "Mama mdogo."

Mwanaidi akaenda akayaleta, kwa kupapasa, mikumbo na mikumbo. Akamjaza mtoto majani kama anajaza mto.

Baadaye Ikram alisema ana kiu, na kijitoni hakufikiki tena kwa giza. Alisema ile sufi ya kijani inayoota kwenye magome inakamulika, maji yake hayana neno.

"Naye ndiye aliyesema?"

"Ndiyo."

Mwanaidi alikamua, tone kwa tone, mdomoni mwa mtoto. Aliona uchungu, sitaficha. Hata pale, mtoto akiwa anatetemeka mikononi mwake, ulimchoma. Kila kilichokuwa kinamweka mwanawe hai kilikuwa kimetoka kwa yule mwanamke, na yeye aliyemzaa alikuwa amemletea genge. Lakini alikamua. Alimaliza gome moja akahamia jingine, mpaka kucha zikatoka damu.

Kisha Ikram akaacha kutetemeka.

Mwanaidi alishukuru kwanza. Halafu akagusa shavu lake.

"Ikram."

"Mmh."

"Usilale. Nieleze. Huyo chozi analala wapi mvua kama hii?"

"Anajivimbisha... anakuwa kama mpira." Maneno yalikuwa yanakokota. "Anapoa. Ukimgusa utasema amekufa. Mpaka jua litoke."

"Wewe usipoe. Umenisikia? Wewe si ndege. Niite jina langu."

"Mwa... Mwanaidi."

"Huna adabu wewe! Mama yako unamwita jina?"

Kikatoka kicheko kidogo, kama kikohozi. Mwanaidi alikishika hicho. Alimvua nguo zilizolowa, akafungua blauzi yake, akamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunga naye kwa kilichobaki cha kanga, akamrundikia majani, akamsugua mgongo. Alimchokoza, alimtukana, alimwimbia, alimuuliza hesabu za kuzidisha na kukosea majibu makusudi ili abishane. Ikram alibishana. Kila akinyamaza, mama yake alimfinya.

Hivyo ndivyo ulivyopita usiku ule, na anayetaka kujua zaidi amuulize mtu mwingine, kwa maana Mwanaidi mwenyewe haelezi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, wingu lingali limekaa. Ikram alikuwa na homa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka vijiti vimezama kwenye nyama, na Mwanaidi akalegeza vifundo.

"Tuite," akasema.

"Hapa maji yanakula sauti," Ikram akajibu, macho amefumba. "Inabidi juu. Pale mgongoni mwa kilima."

Walikotoka, yaani. Kupanda kule kote walikoteremka.

Mwanaidi alimrudishia mtoto sweta peke yake, akamgeuza mgongoni, akampitishia kile kilichobaki cha kanga chini ya makalio, akaifunga kifuani. Hakuwa amembeba tangu akiwa wa kunyonya. Sasa miguu ilining'inia mpaka kwenye mapaja yake, na ule mmoja ulipogonga mti mtoto aliuma meno sikioni mwake. Alipanda kwa mikono. Alishika mzizi, akavuta, akapiga goti, akashika mwingine. Mguu wake ulio mtupu ulipasuka kisigino, akawa anaacha alama nyekundu kwenye majani. Mahali pengine aliteleza akarudi chini urefu wa nyumba nzima, akaanguka kifudifudi ili mtoto asiwe chini. Akalala hapo na udongo mdomoni. Akainuka.

"Mama, niache hapa uende wewe."

"Nyamaza. Unanipotezea pumzi."

Walifika mgongoni mwa kilima jua likiwa limeshapanda nyuma ya ukungu, kama sarafu. Kelele ya maji ilikuwa chini, mbali. Hapo palikuwa kimya. Mwanaidi alishika mti, hakuthubutu kukaa kwa kuogopa hatasimama tena, akaita kama alivyosikia inaitwa.

"Huuuu-yeee!"

Hakuna.

"Mwishoni ipandishe," Ikram akanong'ona.

Akaipandisha. Akaita tena, na tena, mpaka koo likawa linatoa upepo. Hakuna. Upande ule ulikuwa umefungwa, na yeye ndiye aliyeufunga kwa kiganja chake.

"Zainaaa!" akalia. Haikuwa mwito tena, kilikuwa kilio. "Zaina, mtoto wako anakufa! Njoo! Zaina, njoo umchukue!"

Na sauti ikajibu.

Ilikuwa imekwaruza, imepasuka, lakini ilikuwa ni yake. Mwanaidi alianza kutembea kuielekea, hapana, kukimbia, mtoto mgongoni, na wakakutana kwenye mti ulioanguka. Zaina alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mtu aliyefiwa. Nguo zilikuwa zimemganda mwilini. Nyuma yake alikuja Kibwana, na nyuma ya Kibwana jirani yao, Abraham, mpasuaji mbao, na shoka begani.

Zaina alimpokea mtoto kutoka mgongoni, akampapasa shingo, akampulizia vidole. Kisha akavua sweta lake.

"Anapumua vizuri. Mguu huu nani kafunga?"

"Mimi," Mwanaidi akasema.

"Umefunga vizuri."

Abraham na Kibwana walikata miti miwili wakatengeneza machela kwa koti na kanga. Ilikuwa kama saa ya kutembea kushuka mpaka kwenye trekta, na kutoka pale zahanati. Walipokezana. Kibwana alikuwa anatembea mbele anafyeka, mara anasimama kujifuta macho kwa mkono wa shati. Ikram alikuwa amepewa uji wa chupa na rangi ilianza kumrudi.

Walipopumzika mara ya kwanza, Zaina alijipangusa shingo, akamgeukia Mwanaidi.

"Jana nilikuta nyumba tupu, nikajua mmefuata kiota, nikapita huku huku," alisema kwa ile sauti iliyokatika. "Niliita mpaka hapa karibu na ule mti. Kimya. Wanaume wakasema upande huu hakuna mtu, tukaenda kutafuta kule upande wa Lutindi mpaka asubuhi. Lakini moyo ukakataa. Nikawaambia, yule ni mtu wa Handeni, labda hajui kwamba huku unaitika. Labda amesikia akadhani ni watu wanaitana tu. Wakanicheka, nikawarudisha." Akamtazama usoni. "Hamkunisikia kweli, dada?"

Mwanaidi alifungua mdomo.

"Hatukusikia, mama mdogo," Ikram akasema kutoka kwenye machela, haraka. "Tulikuwa chini, kwenye kijito. Maji yalikuwa yanapiga kelele sana."

Alisema bila kumwangalia mama yake. Mkono wake mdogo ulitoka chini ya sweta, ukatafuta upindo wa nguo ya Mwanaidi, ukaushika.

Mwanaidi alisimama pale na mkono ule kwenye nguo yake. Alikuwa amepanda mlima kuja kutafuta hilo. Alitaka kujua kama mtoto bado ni wake. Sasa alijua. Mtoto wa miaka kumi, ana homa, mguu umeumia, alikuwa anadanganya kwa ajili yake, na angeibeba hiyo siri mpaka awe mtu mzima.

"Tulisikia," akasema.

Abraham aliacha kunywa maji.

"Tulisikia vizuri, Zaina. Ulikuwa hapo, umbali wa kutupa jiwe. Mtoto alitaka kuitika, nikamziba mdomo. Sikutaka uwe wewe."

Ikram akaanza kulia. "Mama, nilishasema hatukusikia..."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimesema."

Kibwana alikuwa amegeuka na panga mkononi, uso umemtoka rangi. Alipiga hatua moja. Zaina alinyanyua kiganja, bila kumwangalia, na Kibwana akasimama. Zaina alikuwa anaitazama mikono yake. Midomo ilikuwa inacheza kama mtu anayehesabu.

"Usiku kucha," akasema mwishoni, taratibu. "Nilikuwa nawaza nitakuambia nini kama nimemkuta amekufa. Wewe. Nilikuwa nawaza nitakuambia nini wewe, mama yake."

Zaina akainuka, akaenda kushika miti ya mbele ya machela.

"Abraham, mpishe huyo. Ashike nyuma."

"Mama, huyo mguu wake hauwezi..." Abraham akaanza.

"Ashike." Akamgeuzia Mwanaidi mgongo. "Leo sikuangalii usoni. Kesho sijui. Lakini mtoto akifumbua macho atatutaka wote wawili, basi shika."

Mwanaidi akashika. Wakainua pamoja. Uso wa Ikram ulikuwa karibu yake, unamwangalia kutoka chini, umelowa.

"Utaondoka, mama?"

"Mguu wako ukipona."

"Na mimi?"

Mwanaidi alitazama mbele, mgongo wa Zaina, kitambaa kilichofungwa kichwani, shingo nyembamba iliyokakamaa. Gauni la maua lilikuwa limebaki kule chini ya jiwe, limelowa, na hakuna aliyekumbuka kuliokota.

"Utaniambia wewe ukipona," akasema. "Nitakusikiliza."

Mteremko ulianza. Kwenye mteremko machela humwangukia aliye mbele. Mwanaidi alisikia mikono yake inapata nafuu na akajua uzito umekwenda wapi. Zaina aliinamisha kichwa, akapunguza mwendo kwa ajili ya yule wa nyuma mwenye mguu uliopasuka, na akaubeba.